Viuavijasumu kwa Watoto: Kutoka Dirisha la Dawa hadi Kinywani mwa Mtoto

Tumchukue mtoto wa kike wa miezi 11 mwenye uzito wa kilo 7.5. Amekohoa kwa siku 3, mwili wake una joto, na tangu alfajiri mama yake ameona kwamba anapumua kwa kasi kuliko kawaida. Katika zahanati, mhudumu anamhesabia pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia mapajani mwa mama, anapata pumzi 56, anampima malaria na kukuta hana, kisha anamwandikia amoksilini ya siku 5. Baada ya muda si mrefu mama anaondoka na chupa ya dawa ya unga ya kuchanganya na maji.

Hadi hapo mambo yamekwenda vizuri. Ugonjwa umetambuliwa na dawa inayofaa imepatikana. Lakini mtoto bado hajatibiwa. Kati ya dirisha la dawa na kinywa cha mtoto kuna maji ya kuchanganyia, kifaa cha kupimia, saa za kumpa, na ile siku ya tatu ambapo homa imeshuka na chupa bado ina dawa. Kosa moja katika hatua yoyote kati ya hizo laweza kubatilisha kazi yote iliyofanyika zahanati. Makala haya yanaifuata dawa hiyo hatua kwa hatua, kwa faida ya mzazi anayempa mtoto na ya mhudumu anayeiandika na kuigawa.

Viuavijasumu hufanya kazi gani?

Viuavijasumu, ambavyo wengi wetu huviita antibayotiki, ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Baadhi yake, kama penisilini na amoksilini, huharibu ukuta unaoikinga chembe ya bakteria. Nyingine huwazuia bakteria kutengeneza protini wanazohitaji ili waishi. Virusi hawana ukuta wa namna hiyo, wala hawana mitambo yao wenyewe ya kutengeneza protini. Hutumia ile iliyomo ndani ya chembe za mwili wa mgonjwa. Ndiyo maana dawa hizi hazina nguvu juu ya mafua, surua, au kuhara kunakoletwa na virusi vya rota.

Aidha, viuavijasumu si dawa za kushusha homa wala za kutuliza maumivu. Mtoto mwenye mafua akipewa dawa hizi na homa ikashuka siku ya tatu, kwa kawaida imeshuka kwa sababu ugonjwa wenyewe umefikia ukomo wake. Mzazi, kwa kuwa alimpa dawa, huamini kwamba dawa ndiyo iliyoponya, na safari ijayo huenda dukani moja kwa moja kuomba ileile. Imani hii inaeleweka, lakini ndiyo chanzo cha matumizi mengi yasiyo ya lazima.

Si kila homa ni ya bakteria

Katika utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, na kuchapishwa mwaka 2014, watoto 1,005 wenye umri chini ya miaka 10 waliofika kliniki za wagonjwa wa nje wakiwa na homa walichunguzwa kwa kina. Asilimia 70.5 walikutwa na ugonjwa wa virusi, asilimia 22.0 ugonjwa wa bakteria, na asilimia 10.9 ugonjwa wa vimelea vingine, hasa malaria. Baadhi yao walikuwa na zaidi ya kimoja. Fundisho lake kwa mhudumu ni kwamba kipimo cha malaria kinapoonyesha hakuna malaria, jibu hilo peke yake halithibitishi kuwa kuna bakteria.

Tusisahau upande wa pili. Takriban mtoto mmoja kati ya watano katika utafiti huo alikuwa na ugonjwa wa bakteria, na miongoni mwa magonjwa hayo yapo yanayoua kwa haraka. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri chini ya miaka 5 duniani mwaka 2019. Mtoto mwenye nimonia ya bakteria anayecheleweshewa amoksilini yumo hatarini kweli. Kwa hiyo mhudumu ana wajibu wa kumtambua anayehitaji dawa na kumpa bila kuchelewa, na vilevile kumtambua asiyehitaji na kutompa.

Kwa mtoto anayekohoa, kifaa chenye thamani kubwa ni saa. Pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12 huhesabiwa kuwa anapumua kwa kasi akifikia pumzi 50 au zaidi kwa dakika. Wa miezi 12 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Kifua cha chini kinachobonyea ndani wakati wa kuvuta pumzi nacho ni dalili ya nimonia. Mtoto anayekohoa na kutokwa makamasi, lakini anapumua kwa kasi ya kawaida, hana kifua kinachobonyea na hana dalili ya hatari, kwa kawaida ana mafua tu. Huyu anahitaji kunyonya au kunywa mara kwa mara na kurudishwa akibadilika, hahitaji kiuavijasumu.

Magonjwa mengine nayo yana kanuni zake. Kuhara majimaji, pasipo damu na pasipo kushukiwa kipindupindu, hutibiwa kwa maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki ya siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Kuhara damu huhitaji kiuavijasumu. Sikio linalouma au lililotoa usaha kwa muda usiozidi wiki 2 hutibiwa kwa amoksilini. Sikio linalotoa usaha kwa wiki 2 au zaidi huhitaji kukaushwa kwa kitambaa safi na kutiwa dawa ya matone. Koo lenye maambukizi ya bakteria aina ya streptokoki, hasa kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, lisidharauliwe, maana lisipotibiwa laweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Hutibiwa kwa penisilini ya kumeza kwa siku 10, au kwa sindano moja ya benzathini penisilini.

Mtoto aliye chini ya miezi 2 ana kanuni yake peke yake. Akiwa na homa au mwili wa baridi, akishindwa kunyonya, akilegea, akipumua pumzi 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kikibonyea sana, asipewe dawa ya dukani hata mara moja. Apelekwe kituoni saa hiyohiyo, kwa sababu katika umri huo maambukizi huenea mwilini kwa saa chache na matibabu yake ni ya sindano.

Kipimo hufuata uzito

Tumrudie mtoto wetu. Kwa nimonia isiyo kali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka amoksilini ya takriban miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara 2 kwa siku. Kilo 7.5 mara 40 ni miligramu 300 kwa kila mara. Ikiwa chupa yake ina miligramu 250 katika kila mililita 5, atahitaji mililita 6 asubuhi na mililita 6 jioni.

Sasa tuangalie kosa linalotokea bila mtu yeyote kukusudia. Amoksilini ya maji huuzwa katika nguvu mbili zilizozoeleka: miligramu 250 kwa mililita 5, na miligramu 125 kwa mililita 5. Chupa hufanana, jina ni lilelile, ladha ni ileile. Mama akiambiwa "mpe mililita 6" kisha akapewa chupa ya nguvu ndogo, mtoto atapata miligramu 150 tu, yaani nusu ya anachohitaji. Mama atakuwa ametii kila neno aliloambiwa, na mtoto atakuwa amepewa matibabu nusu. Kwa chupa hiyo alipaswa kupewa mililita 12 kila mara.

Ndiyo maana cheti cha dawa cha mtoto kinapaswa kutaja mambo manne: miligramu za kila kipimo, nguvu ya dawa iliyomo kwenye chupa, mililita za kutoa, na idadi ya siku. Cheti kinachosema "kijiko kimoja kutwa mara mbili" hakijasema lolote la uhakika. Mgawa dawa naye ahesabu dawa yote inayohitajika. Mtoto wetu anahitaji vipimo 10 vya mililita 6, yaani mililita 60 kwa dawa yenye nguvu kubwa, au mililita 120 kwa yenye nguvu ndogo. Akipewa chupa moja ya mililita 60 ya nguvu ndogo, itakwisha katikati ya matibabu, na mama atadhani amemaliza dozi.

Umri hauwezi kuchukua nafasi ya mizani. Miongoni mwa watoto wa miezi 11 yuko mwenye kilo 7 na yuko mwenye kilo 10. Pale ambapo vipo vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka katika maji, vya miligramu 250, makundi ya uzito hurahisisha kazi: kwa nimonia, mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10 hupewa kidonge 1, wa kilo 10 hadi chini ya 14 vidonge 2, na wa kilo 14 hadi 19 vidonge 3, kila mara, mara 2 kwa siku kwa siku 5. Kwa mpango huu mtoto wetu atapata miligramu 250 badala ya 300. Tofauti hiyo ndogo inakubalika kwa amoksilini. Vidonge hivi huyeyushwa katika maji kidogo safi, au katika maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na mtoto hupewa papo hapo. Havihitaji jokofu wala kuchanganywa kwa siku nyingi, na kwa familia nyingi ndivyo vilivyo salama zaidi.

Kapsuli za watu wazima, zile ambazo wengi huziita vidonge vya rangi mbili, zisifunguliwe na kumiminwa katika uji wa mtoto kwa kukisia nusu au robo. Unga haugawanyiki kwa macho, na hakuna ajuaye mtoto amepata kiasi gani.

Kuchanganya dawa ya unga

Kama inawezekana, mgawa dawa achanganye dawa hapohapo dirishani, mzazi akitazama. Ikibidi ichanganywe nyumbani, utaratibu ni huu.

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji ya kunywa, kisha yaache yapoe kabisa. Maji ya moto huweza kuharibu dawa. Pili, gonga chupa taratibu ili unga ulioshikamana uachiane. Tatu, tia maji hadi karibu nusu ya alama iliyochorwa, funga na utikise mpaka mabonge yaishe. Nne, ongeza maji hadi yafikie alama barabara, kisha utikise tena. Povu likiwa jingi, subiri litulie ndipo usome alama. Maji yakizidi, dawa huwa hafifu. Yakipungua, huwa kali mno.

Andika juu ya chupa tarehe uliyochanganya. Dawa iliyochanganywa hudumu siku chache tu, kwa kawaida 7 hadi 14 kulingana na maelezo ya chupa husika. Baadhi, kama amoksilini yenye klavulaneti, huhitaji jokofu. Asiye na jokofu aseme mapema dirishani ili atafutiwe aina nyingine. Ukipewa chupa mbili, usichanganye ya pili mpaka ya kwanza iishe.

Kumpa mtoto dawa

Tikisa chupa kila mara kabla ya kupima. Unga huzama chini. Usipotikisa, vipimo vya mwanzo vitakuwa maji matupu na vya mwisho vitakuwa vikali.

Pima kwa bomba la kupimia lisilo na sindano, au kwa kikombe kidogo chenye alama kilichokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani: kimoja huchukua mililita 3, kingine 7. Ikiwa hukupewa kifaa, ni haki yako kukiomba.

Mkalishe mtoto au mwinue kichwa. Weka ncha ya bomba upande wa ndani wa shavu, kisha sukuma kidogo kidogo ukimpa nafasi ya kumeza. Usimlaze chali na kumbana pua. Dawa yaweza kuingia katika njia ya hewa. Usiichanganye katika chupa nzima ya maziwa au bakuli la uji, kwani asipomaliza hutajua amepata kiasi gani. Amoksilini yaweza kutolewa kabla au baada ya chakula. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya kama kawaida.

"Mara mbili kwa siku" maana yake ni kila baada ya saa 12. Chagua saa zinazoendana na maisha ya nyumbani, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, na watajie wote wanaomlea mtoto: bibi, dada wa nyumbani, au mama mdogo. Si ajabu mtoto kukosa dawa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amempa, au kupewa mara mbili kwa sababu hiyohiyo. Karatasi yenye alama kwa kila kipimo, ikibandikwa ukutani, huondoa shaka hiyo.

Mtoto akitapika ndani ya dakika 30 baada ya kunywa, mpe kipimo hicho tena mara moja. Akitapika kila anachopewa, mrudishe kituoni. Ukisahau kipimo, mpe mara ukumbukapo. Lakini ikiwa saa ya kipimo kinachofuata imekaribia sana, ruka uliochosahau na uendelee na ratiba. Usimpe viwili kwa pamoja.

Homa imeshuka, chupa bado ina dawa

Siku ya tatu mtoto wetu anacheka, anakula, na homa imetoka. Hapa ndipo kishawishi huingia: kwa nini aendelee kunywa dawa hali amepona, na kwa nini dawa iliyobaki isiwekwe kwa ajili ya siku nyingine? Jibu ni kwamba muda wa matibabu umepangwa kutokana na tafiti juu ya ugonjwa husika, na unafuu wa siku ya tatu hauthibitishi kwamba bakteria wamekwisha. Siku 5 zilizoandikwa zikamilishwe. Wakati huohuo, kurefusha dawa kupita siku zilizoandikwa hakumwongezei mtoto kinga yoyote.

Kukamilisha dozi si lazima kuwe kumaliza chupa. Mtoto wetu akipewa chupa ya mililita 100, baada ya siku 5 zitabaki mililita 40. Masalio hayo yasitunzwe kwa kikohozi kijacho, wala asipewe mtoto wa jirani. Yarudishwe mahali dawa ilikotolewa ili yateketezwe. Mtoto wa jirani ana uzito mwingine, huenda ana ugonjwa mwingine, na dawa iliyochanganywa wiki iliyopita huenda imekwisha kupoteza nguvu.

Ikiwa baada ya siku 3 hakuna nafuu, usimbadilishie dawa mwenyewe. Mrudishe akaangaliwe upya. Na usisubiri siku ya tatu, mpeleke hospitali mara moja, iwapo mtoto:
– anashindwa kunywa au kunyonya;
– anatapika kila kitu;
– amepata degedege;
– amelegea, haamki au hajitambui;
– anapumua kwa shida zaidi, au anatoa mkoromo akivuta pumzi huku ametulia.

Madhara na mzio

Kuhara kidogo, kichefuchefu na utando mweupe kinywani huweza kutokea, kwa sababu dawa huua pia bakteria wema wanaoishi mwilini. Kuhara kwa namna hiyo mara nyingi huisha dawa inapokwisha; mpe mtoto maji zaidi na ORS. Kukiwa na damu, au mtoto akionyesha dalili za upungufu wa maji, mrudishe.

Mzio ni jambo jingine. Midomo au uso kuvimba, vipele vinavyowasha vilivyotapakaa, kukoroma kwa kifua, au kuishiwa nguvu ghafla muda mfupi baada ya dawa ni hali ya dharura. Mhudumu achome adrenalini miligramu 0.01 kwa kila kilo katika msuli wa paja bila kusubiri, kisha aendelee na hatua nyingine za kuokoa maisha. Jina la dawa hiyo liandikwe katika kadi ya mtoto. Lakini mhudumu asiandike "mzio wa penisilini" kwa kila kipele, kwa kuwa watoto wengi hupata upele kutokana na virusi vyenyewe, na maandishi hayo humnyima mtoto dawa bora kwa miaka mingi. Aeleze kilichoonekana, saa ngapi baada ya dawa, na kilivyokwisha.

Dawa zinazohitaji tahadhari ya pekee

Wahudumu wenzangu wakumbuke kwamba mtoto ana figo na ini ambavyo bado vinakomaa. Tetrasaiklini hubadilisha rangi ya meno yanayoendelea kuumbika, hivyo haitolewi kwa watoto walio chini ya miaka 8. Kotrimoksazoli huepukwa katika wiki za mwanzo za maisha kwa sababu huweza kuzidisha hatari ya manjano. Seftriaksoni haipaswi kuchanganyikana na maji ya mishipani yenye kalsiamu, kama Ringa lakteti, kwa mtoto mchanga, na huepukwa kwa mtoto mchanga mwenye manjano. Jentamaisini hupimwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ikizidi huumiza figo na usikivu wa masikio.

Shirika la Afya Duniani limegawa viuavijasumu katika makundi matatu: vya kutumiwa kwanza, vya kutumiwa kwa uangalizi, na vya akiba. Amoksilini imo katika kundi la kwanza. Azithromaisini, seftriaksoni na siprofloksasini zimo katika kundi la uangalizi. Dawa ya kundi hili haina nguvu zaidi kwa kila ugonjwa. Kwa nimonia ya kawaida, kumrukisha mtoto kutoka amoksilini hadi azithromaisini ni kumpa dawa isiyo bora zaidi na kuharibu silaha ambayo kesho itahitajika.

Deni tunaloliacha kwa watoto wengine

Bakteria wanaokutana na dawa mara kwa mara, pasipo haja au kwa kipimo pungufu, hujifunza kuishi nayo. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na gharama yake si ya kufikirika. Katika utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili kati ya mwaka 2001 na 2002, kwa watoto waliolazwa wakishukiwa kuwa na maambukizi ya damu, asilimia 43.5 ya waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi katika damu walifariki. Kwa waliokuwa na malaria ilikuwa asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria walikuwa sugu kwayo kulihusishwa na kifo. Watoto hao walipewa dawa. Kilichowakosesha ni kwamba dawa ile ilikuwa imeishiwa nguvu.

Je, kupunguza dawa hakutawaweka watoto hatarini? Utafiti mwingine wa nchini mwetu unatoa jibu la kutia moyo. Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, katika vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya, nusu ya vituo vilitumia programu ya kwenye kishikwambi inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua katika kumchunguza mtoto mgonjwa. Katika vituo hivyo viuavijasumu vilitolewa kwa asilimia 23 ya mahudhurio, ilhali katika vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida ilikuwa asilimia 70. Siku ya saba, uwiano wa watoto ambao hawakupata nafuu ulikuwa karibu sawa pande zote mbili, asilimia 3.7 na 3.8. Kumchunguza mtoto vizuri kulichukua nafasi ya dawa nyingi ambazo hakuzihitaji.

Chanjo nazo hupunguza haja ya dawa hizi. Chanjo ya nimokoki na ile ya virusi vya rota zimo katika ratiba ya watoto Tanzania tangu 2013, na mtoto aliyezikamilisha ana nafasi ndogo zaidi ya kuugua vikali.

Dakika mbili dirishani

Kama ningeruhusiwa kuomba badiliko moja tu katika vituo vyetu, ningeomba dakika mbili za mazungumzo kabla ya mzazi kuondoka na dawa. Si za kumhutubia, bali za kumsikiliza akirudia.

"Mama, hebu nionyeshe utakavyompa mtoto dawa hii jioni ya leo."

"Nitampa kijiko kimoja, daktari."

"Kijiko kipi, mama?"

"Hiki cha chai, cha nyumbani."

"Sawa. Sasa chukua bomba hili, uvute dawa mpaka mstari huu wa 6. Vizuri. Na siku homa ikitoka?"

"Nitaacha."

"Hapana mama, utaendelea mpaka jioni ya siku ya tano."

Mazungumzo haya mafupi yamefichua makosa mawili ambayo yasingeonekana katika daftari lolote la kituo. Mzazi asione haya kuuliza, na mhudumu asichoke kuulizwa. Kabla ya kuondoka, mzazi awe anaweza kujibu maswali matano: mtoto wangu anaumwa nini, ampewe mililita ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi, na dalili zipi zikitokea nimrudishe haraka. Likikosa jibu hata moja kati ya hayo, arudi dirishani aulize, hata kama foleni ni ndefu.